Upande Mweupe na Upande Mweusi: Santuri ya Mwana wa Unguja



Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, mama mmoja alitufuata ofisini akiwa ameishika simu ya mwanawe kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota kaa la moto. "Shikamoo, Baba Paroko," alisema, hata kabla hajakaa. "Hebu tazama mambo anayosikiliza huyu mtoto usiku. Hawa si ndio mafrimasoni?" Tukaitazama ile simu. Ilikuwa na picha ya nyuso nne za vijana zikitokeza gizani, macho yakitazama juu, na mmoja wao amepishanisha mikono yake kifuani. Tuliitambua mara moja. Ni jalada la santuri iitwayo Queen II, iliyotolewa nchini Uingereza tarehe 8 Machi 1974.

Kijana mwenyewe mnamfahamu, kwa maana ndiye anayepiga kinanda katika kwaya ya vijana, ingawa hatutamtaja jina. Habari zilikwisha kuwafikia viongozi wa kwaya, na baadhi yao wanataka aondolewe kinandani kabla ya sikukuu. Hoja yao ni kwamba mkono upigao nyimbo za giza usiku hauwezi kupiga Utukufu kwa Mungu asubuhi. Tuliwaomba watupe juma moja. Hatukuomba muda huo kwa sababu tulikosa la kusema. Tuliuomba kwa sababu tuliwahi kulisema jambo hili upesi mno, tukakosea, na kosa lile bado tunalo moyoni.

Ilikuwa mwaka wa kwanza baada ya kupewa daraja takatifu la upadre, katika parokia nyingine. Tulihubiri kwa ukali juu ya muziki wa roki, tukasema kwamba ni mlango wa Shetani, na tukawaagiza vijana walete kanda na diski zao zichomwe moto nyuma ya kanisa. Kijana mmoja alileta boksi zima. Alizitoa moja moja, akizisoma majina kwa sauti ndogo kama mtu anayewaaga jamaa zake. Tukazichoma. Ukweli ni kwamba hatukuwa tumesikiliza hata moja. Dominika iliyofuata kijana yule hakuonekana kanisani, wala iliyofuata, na hadi tulipohamishwa hatukumwona tena. Basi safari hii tulikata shauri kusikiliza kwanza, kusoma historia, na kusema baadaye. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Mtunzi na mwimbaji mkuu wa santuri hiyo ni yule ambaye dunia inamfahamu kwa jina la Freddie Mercury. Jina alilopewa na wazazi wake ni Farrokh Bulsara, naye alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946. Baba yake, Bomi Bulsara, alikuwa karani wa fedha katika serikali ya kikoloni. Walikuwa Waparsi, yaani wazawa wa watu wa Uajemi walioshika dini ya nabii Zoroasta na kuhamia Gujarat, huko India, karne nyingi zilizopita. Mtoto Farrokh alipelekwa India kusoma katika shule ya bweni ya St Peter's, mjini Panchgani, na huko ndiko alikojifunza piano na kuanza kupiga muziki na wenzake. Alirudi Unguja akiwa kijana. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalipotokea, familia yake ilikimbilia Uingereza na kuanza maisha upya huko Feltham, kando ya London. Alisomea uchoraji katika chuo cha sanaa cha Ealing, na mwaka 1970 akajiunga na Brian May na Roger Taylor kuunda bendi ya Queen. John Deacon aliwakamilisha mwaka 1971.

Sisi wa Kilwa hatuna haki ya kushangaa tukisikia habari za watu wa Uajemi. Wazee wetu husimulia jinsi Sultani Ali bin Hassan alivyotoka Shirazi na merikebu zake akaja kukinunua Kisiwa cha Kilwa. Wanahistoria walilipunguza sana simulizi hilo, wakionyesha kwamba mji ulijengwa na Waafrika wa pwani wenyewe. Lakini mwaka 2023 uchunguzi wa vinasaba katika mifupa ya kale ya pwani, ikiwamo ya Kilwa na Songo Mnara, ulionyesha kwamba damu ya Uajemi ilikuwamo kweli katika baadhi ya koo, ikiwa imechanganyika na damu ya mama wa Kiafrika. Kwa hiyo yule Mparsi wa Unguja hakuwa mgeni wa ajabu katika pwani hii. Upepo wa kaskazi umeleta wengi.

Tena kuna jambo lililotugusa zaidi. Kila Epifania tunawaimba Mamajusi waliotoka mashariki wakaifuata nyota hadi Bethlehemu. Je, tumewahi kujiuliza neno hilo limetoka wapi? Majusi ndilo jina la kale, lililopita katika Kiarabu hadi Kiswahili, la watu wa dini ile ile ya Zoroasta, na asili yake ni jina la makuhani wa Uajemi. Yaani kila mara tunapoweka sanamu tatu zenye zawadi mbele ya hori, tunawaweka wazee wa imani aliyolelewa nayo Farrokh Bulsara. Nao walikuwa wa kwanza kutoka mataifa kumsujudia Mtoto Yesu, wakati wakuu wa Yerusalemu, waliokuwa na Maandiko mikononi, hawakuinuka vitini mwao. Na katika santuri ya kwanza ya bendi hiyo, ya mwaka 1973, mwana huyu wa Mamajusi alitunga wimbo wenye jina la Yesu, unaosimulia habari za Bwana wetu. Hatusemi kwamba aliamini kama tunavyoamini sisi. Tunasema tu kwamba yule mama hakuambiwa jambo hili na wale waliomtisha.

Sasa tuitazame santuri yenyewe. Wazee watakumbuka kwamba santuri zilikuwa na pande mbili, ikabidi kuigeuza upande mmoja ulipokwisha. Santuri ndefu ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1948, na kila upande uliweza kubeba dakika ishirini na zaidi za muziki. Hapo mwanzo watu waliijaza nyimbo zisizohusiana, kama mtu anayejaza kapu sokoni. Lakini katika miaka ya 1960 wanamuziki walianza kuiona kama kitabu chenye sura. Mwaka 1967 Beatles walitoa santuri iliyojifanya kuwa onyesho la bendi ya kubuni. Mwaka 1969 The Who walitoa Tommy, kisa kizima cha mtoto asiyeona, asiyesikia wala kusema. Mwaka 1975 Mmarekani Alice Cooper, aliyekuwa akipanda jukwaani na nyoka na kifaa cha kukatia vichwa, alisimulia ndoto mbaya za mtu mmoja kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Hizi ndizo albamu za wazo moja: nyimbo nyingi zinazotumikia fikra moja.

Jambo hili si geni katika pwani yetu. Mwalimu Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi mrefu juu ya Vita vya Maji Maji, na hakuna anayeukata vipande na kuuita kila ubeti wimbo wake. Vita vile vilianzia Umatumbi, hapa hapa Kilwa, mwezi Julai 1905, na tarehe 14 Agosti mwaka huo huo vilimfikia Askofu Cassian Spiss na wenzake watawa, wakauawa njiani kuelekea Liwale. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein, mwana wa pwani yetu ya kusini, aliyachukua mambo hayo akayafanya tamthilia ya Kinjeketile. Mtu akisoma ukurasa mmoja tu wa tamthilia hiyo, ule wa mganga na maji yake, anaweza kusema kwamba mwandishi anaeneza uganga. Akiusoma mchezo wote ataona kwamba anaonyesha jinsi neno moja linavyoweza kuwaunganisha watu, kisha likawaponyoka na kuwaua. Kazi ya namna hii haihukumiwi kwa ukurasa mmoja, sembuse kwa jalada.

Queen II ilirekodiwa mwezi Agosti 1973 katika studio ya Trident, London. Pande zake hazikuitwa wa kwanza na wa pili. Ziliitwa Upande Mweupe na Upande Mweusi. Upande Mweupe una nyimbo tano. Nne ni za Brian May na moja ni ya Roger Taylor. Unaanza kwa muziki wa maandamano mithili ya msiba wa mfalme, uliopigwa kwa gitaa zilizorekodiwa moja juu ya nyingine hadi zikasikika kama okestra. Kisha baba anamwachia mwanawe neno, anakuja Malkia Mweupe asiyefikika, na mwisho kuna wimbo juu ya mama ambaye mwanawe anaondoka nyumbani, naye ndiye anayebaki na hasara. Upande Mweusi una nyimbo sita, zote za Freddie Mercury. Humo mna vita vya mazimwi, mna Malkia Mweusi, mna huzuni ya kuachwa, mna furaha ya mapenzi, na mwisho kuna safari katika bahari saba za nchi ya kubuni iitwayo Rhye. Wimbo huo wa bahari saba ndio uliowafanya wajulikane, ukifika nafasi ya 10 nchini Uingereza. Nao unafifia katika sauti za watu wakiimba pamoja wimbo wa zamani wa Waingereza wa kusifu matembezi ya pwani. Tulipofika hapo tulicheka wenyewe. Tulikuwa tumejiandaa kumsikia Shetani, tukasikia umati unaofurahia bahari.

Wako wanaosema kwamba nyimbo hizi zikichezwa kinyumenyume hutoa ujumbe wa kuzimu. Ni kweli kwamba wimbo wa vita vya mazimwi unaanza na muziki uliogeuzwa nyuma mbele. Lakini kilichogeuzwa ni mlio wa gitaa, ngoma na makelele ya mwisho wa wimbo huo huo, na mafundi walifanya hivyo kwa kuigeuza kanda ya sumaku. Ni ufundi, kama fundi seremala anavyougeuza ubao ili mishipa yake ionekane vizuri.

Tena kuna wimbo mmoja ambao ungestahili kusimuliwa katika mafungo yetu. Unatokana na mchoro wa Mwingereza Richard Dadd. Mtu huyu alishikwa na ugonjwa wa akili, akamuua baba yake mwaka 1843, akafungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini London. Humo alichora kwa takriban miaka tisa, kuanzia 1855 hadi 1864, picha ndogo iliyojaa viumbe vya hadithi wakisubiri pigo moja la shoka. Leo picha hiyo imo katika jumba la sanaa la Tate. Freddie Mercury aliipenda sana, na akawapeleka wenzake kuitazama. Kisha akaitungia wimbo unaomtaja kila kiumbe aliyejificha katika majani yale. Dunia ilimfahamu Dadd kwa tendo lake moja la kutisha, lakini kijana mmoja kutoka Unguja alisimama mbele ya kazi ya mikono yake akaitazama hadi alipoona uzuri. Wapendwa, ni wangapi kati yetu wamewatembelea wagonjwa wa akili wa parokia hii na kuwatazama kwa utulivu hivyo?

Hapa msomaji makini atauliza: je, nyeupe na nyeusi ya santuri hii si ile dini ya Zoroasta, inayofundisha vita kati ya nuru na giza? Swali ni zuri, nasi tulilifikiria sana. Lakini hatupendi kulazimisha. Upande Mweupe haukutungwa na Mparsi. Nyimbo zake nyingi ni za Brian May, ambaye hakulelewa katika dini hiyo. Tena ukisikiliza kwa makini, mgawanyo wenyewe hausimami. Upande Mweupe unaishia kwa mama aliyeachwa, na Upande Mweusi ndio wenye wimbo wa furaha juu ya mapenzi yanayopatikana kila mahali. Rangi ziko kwenye lebo ya santuri, lakini maisha yaliyo ndani ya nyimbo yamechanganyika.

Na hapo ndipo tunapokutana na mafundisho ya Kanisa. Mtakatifu Augustino, kabla ya kubatizwa, alikaa takriban miaka tisa miongoni mwa wafuasi wa Mani, waliofundisha kwamba kuna asili mbili tangu mwanzo, moja ya nuru na moja ya giza. Mafundisho hayo yalimpendeza kwa sababu yalimpa mahali pa kuutupia ubaya wake: si mimi niliyetenda, ni giza lililo ndani yangu. Alipotoka humo alitambua kwamba Mungu ni mmoja, kwamba vyote alivyoviumba ni vyema, na kwamba uovu si kitu chenye ufalme wake bali ni upungufu wa wema. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, ulilitamka jambo hili waziwazi: hata pepo wabaya waliumbwa wema kwa asili, wakajiharibu wenyewe. Kwa hiyo Mkristo anayeamini kwamba sauti ya gitaa, rangi nyeusi au mtindo wa nguo una ubaya ndani yake amerudi kwa Mani bila kujua. Bwana wetu alitufundisha kwa mfano wa ngano na magugu kwamba shamba ni moja, na kwamba mng'oaji mwenye pupa huing'oa ngano pamoja na magugu. Nasi tulikwisha kung'oa ngano moja nyuma ya kanisa.

Wengine wanachukizwa na mavazi. Ni kweli, mtu huyu alikuwa mtu wa jukwaa. Alijipaka rangi usoni, alivaa mabawa na suti za kubana, na baadaye taji na joho la kifalme. Lakini sisi wa Lindi tumelizoea jambo hilo. Katika ngoma ya mapiko ya Wamakonde, mchezaji hujifunika mwili mzima na kuvaa kinyago, na wasiokwisha kupita jandoni huambiwa kwamba ni mzimu uliotoka kaburini. Anayekwenda jando huonyeshwa uso wa mtu chini ya kinyago, na huko kuonyeshwa ndiko kukua. Nasi makasisi tuseme nini? Kila Dominika tunaingia sakristia tukiwa na suruali na viatu vya vumbi, tukitoka tumevaa alba, stola na kasula, nyeupe kwa Pasaka na zambarau kwa Kwaresima. Tofauti ni kubwa, kwa maana sisi twavaa ili Kristo aonekane. Lakini hatuwezi kusema kwamba kubadili vazi ili kusimulia jambo kubwa kuliko nafsi yako ni kazi ya Shetani.

Je, basi tunasema kwamba hakuna la kulaumu? La hasha. Kama tunataka kumkemea, tumkemee kwa haki. Mwezi Oktoba 1984 Queen walikwenda kupiga muziki Sun City, katika Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, ingawa Umoja wa Mataifa ulikuwa umewaomba wasanii wasiende huko. Walisema kwamba wao si watu wa siasa. Walitozwa faini na chama cha wanamuziki cha Uingereza, wakaingizwa katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya waliovunja mgomo ule. Mkoa huu wa Lindi ndio uliowahifadhi wapiganaji wa FRELIMO pale Nachingwea, na wazee wetu waligawana nao chakula katika miaka ya dhiki. Mtoto wa Unguja, ambaye mwenyewe alijua maana ya kuwa mkimbizi, alipaswa kuelewa. Hilo lilikuwa kosa halisi, lenye watu halisi walioumizwa. Ajabu ni kwamba kati ya wote waliotujia na malalamiko juma hili, hakuna hata mmoja aliyelitaja. Tunaogopa mabawa ya kitambaa na tunasahau dhuluma.

Maisha yake binafsi pia yalikuwa na mambo ambayo hatuwezi kuwapa vijana kama kielelezo, na hatutajifanya kwamba hayakuwapo. Tarehe 23 Novemba 1991 alitangaza kwamba ana UKIMWI, na siku ya pili yake, jioni, akafariki nyumbani kwake London akiwa na umri wa miaka 45. Aliagwa kwa ibada ya dini ya wazazi wake, makuhani wa Kizoroasta wakiomba kwa lugha ya kale ya Uajemi, kisha mwili ukachomwa. Mwaka 1992 wenzake walianzisha mfuko wa kupambana na ugonjwa huo. Sisi Watanzania tulikuwa tumekwisha kuufahamu tangu 1983, ulipogunduliwa Kagera. Wengi wetu tunakumbuka wagonjwa waliowekewa sahani yao peke yao, na misiba ambayo watu walisema alikufa kwa malaria huku wakitazamana pembeni. Masista waliowaosha wagonjwa wale hawakuwauliza kwanza waliupataje. Hukumu ya Freddie Mercury iko mikononi mwa Mungu, anayejua yaliyo moyoni, wala haijakabidhiwa kwa kamati ya kwaya.

Hata nyumbani kwao hawakujua la kufanya naye. Mwaka 2006 wakazi fulani walitaka kusherehekea Unguja miaka 60 tangu azaliwe. Jumuiya ya Uamsho ikapinga vikali. Mwaka 2019 jumba dogo la makumbusho lilifunguliwa Mji Mkongwe, na watalii hupiga picha mlangoni. Mtu huyo huyo aliwapa wengine aibu na akawapa wengine riziki. Yeye mwenyewe hakuzungumza sana juu ya Unguja. Lakini katika wimbo wake maarufu kuliko zote, wa mwaka 1975, katikati ya kelele za opera, mnasikika neno Bismillahi, ambalo kila mtoto wa Kilwa, wa kanisani na wa msikitini, amelisikia kabla ya kujua kusoma. Mtu haachi kwao kabisa.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Jumatano jioni tulimwita, akaja na mama yake. Tulimwomba atuwekee santuri nzima, pande zote mbili, na tukasikiliza watatu kwa takriban dakika arobaini bila kusema neno. Mama alianza akiwa na rozari mkononi. Ulipofika ule wimbo wa mwisho wa Upande Mweupe, tulimuuliza kijana maana ya maneno yake, akamweleza mama yake kwa Kiswahili: ni habari za mama aliyemlea mwana kwa jasho, kisha mwana akaondoka bila kumwambia asante. Mama alinyamaza. Kisha akasema, "Mwanangu, na wewe ndivyo unavyotaka kuniacha?" Kijana hakujibu, ila alimshika mkono. Tulielewa kwamba hofu ya mama haikuwa ya frimasoni hata kidogo. Alikuwa anaogopa kwamba mwanawe ameanza kuishi mahali ambapo yeye hawezi kuingia.

Wapendwa, hapo ndipo penye jambo zito. Vijana wetu wanasikiliza peke yao, masikio yamezibwa, katika chumba chenye giza, kwa sababu walijua mapema kwamba wakisikiliza mbele yetu tutachoma moto. Hatuna budi kukaa nao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitukumbusha katika hati ya Gaudium et Spes kwamba sanaa inajaribu kuieleza hali ya mwanadamu, mahangaiko yake na matumaini yake, na Mtakatifu Yohane Paulo II aliwaandikia wasanii barua ya upendo mwaka 1999. Kusikiliza hakumaanishi kukubali kila kitu. Kijana anayemsikiliza akiwa na mzazi kando yake ataweza kuuliza: hili ni jema? hili ni la kujivuna? hili limemdhulumu nani? Akisikiliza peke yake atapenda yote au atachukia yote.

Uamuzi wetu basi ni huu. Kijana atabaki kinandani. Nyimbo za Liturujia zitabaki za Liturujia, kwa kuwa Misa si jukwaa la mtu, naye anajua hivyo na hajawahi kuomba vinginevyo. Viongozi wa kwaya wanaombwa wamwendee wenyewe, si kwa ujumbe wa simu, na kumpa mkono. Na mwezi Novemba, tunapowaombea marehemu wote, wale tunaowajua na wale ambao imani yao Mungu peke yake aliijua, tutamkumbuka pia kimoyomoyo mwana wa Mamajusi aliyezaliwa ng'ambo ya maji haya.

Na kwa yule kijana wa boksi la kanda, ambaye sasa ni mtu mzima mahali fulani: kama maneno haya yatakufikia, tunakuomba msamaha. Hatukuwa tumesikiliza. Mlango uko wazi, na ukija tutaketi nawe kusikiliza upande wa kwanza na wa pili.

Tunawatakieni Dominika njema na yenye baraka.

Tumsifu Yesu Kristo. Milele na milele, Amina.